Mboga iliyochumwa bado inapumua: ijue hewa iliyo ndani ya mfuko

Na Daktari Wetu

Huenda umewahi kujiuliza swali hili. Ukinunua mboga za majani zilizofungwa kwa plastiki katika supamaketi mjini Thika, unaweza kuziweka kwenye friji kwa siku kadhaa nazo zikabaki kijani na mbichi. Lakini sukuma wiki uliyokatiwa jioni kibandani kule Ruiru na kutiwa ndani ya mfuko mwembamba, asubuhi ya pili huwa imetoa jasho, imelainika na kuanza kunuka. Zote ni mboga, na zote zimefungwa kwa plastiki. Basi tofauti imetoka wapi?

Wengi hujibu kwamba zile za supamaketi zimetiwa dawa. Wagonjwa kadhaa wameniambia hivyo, na wengine wameacha kuzila kwa sababu ya hofu hiyo. Ukweli ni kwamba, mara nyingi, kinachozihifadhi ni baridi pamoja na hewa iliyo ndani ya mfuko, hewa ambayo imebadilishwa kwa makusudi. Katika makala ya leo tutaangalia jinsi jambo hili linavyofanyika, faida yake, na hatari zinazoweza kujificha ndani ya mfuko uliofungwa kabisa. Hatari hizo si za kubuni. Zimewahi kuua watu hapa nchini.

Mboga inapumua vipi?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba tunda au mboga haifi siku inapochumwa. Chembechembe zake huendelea kuishi. Huvuta oksijeni, huchoma sukari iliyohifadhiwa ndani yake, kisha hutoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Hivyo ndivyo mwili wako unavyofanya pia. Tofauti ni kwamba wewe utakula tena chakula cha mchana, lakini sukuma wiki iliyokatwa shambani haina mahali pa kupata chakula kingine. Inaishi kwa akiba yake. Akiba ikiisha, majani hugeuka manjano, hunyauka na kuoza.

Kwa hivyo, anayetaka mboga idumu hana budi kuipunguzia kasi ya kupumua. Njia ya kwanza ni baridi. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua kwa mboga huongezeka mara mbili au hata mara tatu. Ndiyo maana mishiri iliyochumwa alfajiri na kupelekwa mapema kwenye chumba cha baridi huwa na afya kuliko ile iliyokaa kwenye gunia juani hadi saa nane mchana.

Njia ya pili ni kubadilisha hewa. Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 78 ya nitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni. Kaboni dayoksaidi ni kidogo mno, karibu asilimia 0.04. Kwa mazao mengi mabichi, oksijeni ikipunguzwa hadi kati ya asilimia 2 na 5, na kaboni dayoksaidi ikaongezwa hadi asilimia chache, tuseme 3 hadi 10, mboga hupumua polepole kama mtu aliyelala usingizi. Haijafa, ila haitumii akiba yake kwa pupa.

Kuna faida nyingine. Matunda mengi hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo ndiyo ishara ya kuivisha. Mama zetu waliijua kazi yake bila kulijua jina lake: ndizi na maparachichi yakifunikwa kwa gunia au kuzikwa ndani ya mahindi huiva haraka, kwa kuwa gesi hiyo hunaswa hapo. Oksijeni ikiwa chache, tunda hutoa ethilini kidogo na huchelewa kuisikia. Kaboni dayoksaidi nayo huzuia kuvu wengi na baadhi ya bakteria wanaoozesha.

Hewa hubadilishwaje?

Kuna namna mbili. Katika namna ya kwanza, mashine huondoa hewa ya kawaida mfukoni na kupuliza mchanganyiko wa gesi uliopimwa, kisha mfuko hufungwa. Katika namna ya pili, mboga yenyewe hufanya kazi hiyo. Inafungwa ndani ya plastiki maalumu, inapumua, oksijeni inapungua na kaboni dayoksaidi inaongezeka. Plastiki hiyo huchaguliwa ili ipitishe gesi kwa kiasi kinacholingana na pumzi ya mboga iliyomo. Baadhi ya mifuko hutobolewa vitundu vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Brokoli na uyoga hupumua kwa kasi kubwa, vitunguu hupumua polepole, kwa hivyo mfuko wa hiki haufai kwa kile.

Je, gesi hizo zina madhara? La. Nitrojeni, oksijeni na kaboni dayoksaidi ndizo zilizomo katika hewa unayoivuta sasa hivi unaposoma gazeti hili. Ukifungua mfuko, hutawanyika.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Jacques Bérard alionyesha kwamba matunda yaliyonyimwa oksijeni hayaivi. Katika miaka ya 1920 wanasayansi wawili wa Cambridge, Uingereza, Franklin Kidd na Cyril West, walifanya majaribio mengi kwa matufaha, na mwaka 1929 ghala la kwanza la biashara la aina hiyo likaanza kutumika katika jimbo la Kent.

Hapa kwetu mfano ulio karibu zaidi ni parachichi. Ukitoka Thika kuelekea Makuyu na Murang'a utaona mashamba makubwa na madogo ya zao hili. Matunda ya kuuzwa ng'ambo hupakiwa katika makontena ya baridi na kusafirishwa kutoka Mombasa kwa meli, safari ya wiki nyingi. Baridi huwekwa karibu nyuzi 5 au 6, oksijeni hupunguzwa na kaboni dayoksaidi huongezwa, ili tunda lifike likiwa bado gumu. Mwishoni mwa 2023 na katika mwaka 2024, meli nyingi zilipoikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka kusini mwa Afrika, safari hiyo ilirefuka. Hapo mkulima wa kawaida alitambua kwamba hewa iliyo ndani ya kontena ni sehemu ya mapato yake.

Watafiti wetu pia hawajalala. Wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa JKUAT, chuo kilichoko Juja katikati ya Ruiru na Thika, wamejaribu mifuko ya namna hii kwa karakara, yaani pasheni, ili mkulima asiye na chumba cha baridi apunguze hasara.

Mfuko wa kibandani

Sasa turudi kwa sukuma wiki ya jioni. Wakazi wengi wa Ruiru na Thika huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza wakielekea kazini Nairobi, na hurudi usiku. Mama mboga anayewakatia sukuma wiki, kuwaambulia minji na kuwamenyea viazi anawasaidia sana. Sikusudii kumharibia biashara. Nakusudia kueleza kinachotokea ndani ya mfuko.

Mboga ikikatwa huwa kama mtu aliyejeruhiwa. Kupumua kwake huongezeka, na utomvu wake wenye sukari humwagika juu ya majani. Ikitiwa katika mfuko wa kawaida na kufungwa fundo, joto la jioni huifanya imalize oksijeni haraka. Mfuko huo haukupimwa. Hauna vitundu, wala haujui pumzi ya mboga iliyomo. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 1 hivi, mboga huacha kupumua kwa njia ya kawaida na kuanza kuchacha kama pombe. Hiyo ndiyo harufu unayoisikia asubuhi. Yale maji yaliyotanda ndani ya mfuko ndiyo jasho lake, na bakteria hupenda mahali penye maji, vuguvugu na sukari.

Ikiwa mboga ilinyunyiziwa maji machafu shambani, au ilikatwa kwa kisu na mikono isiyooshwa, viini vya maradhi vilivyoingia hapo hupata usiku mzima wa kuzaana. Miongoni mwao ni salmonela na aina mbaya za ikolai. Ukizipika vizuri, wengi wao hufa. Lakini dania, nyanya na kebichi ya kachumbari hazipikwi.

Kwa sababu hiyo, ni heri mboga nzima katika kiondo kuliko mboga iliyokatwa katika mfuko uliofungwa. Kiondo kinapitisha hewa. Isitoshe, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Vifungashio ambavyo kiwanda hutumia moja kwa moja kwa bidhaa zake viliruhusiwa chini ya masharti.

Uzuri wa macho si usalama

Hapa ndipo ningependa usome kwa makini, mpenzi msomaji. Viini vinavyoozesha chakula na viini vinavyomgonjesha mtu si lazima viwe vile vile. Hewa iliyobadilishwa huwazuia zaidi wale wanaoozesha, ambao ndio wanaotupa onyo kwa harufu, utelezi na rangi mbaya. Wale wa hatari wanaweza kuendelea kukua kimya kimya. Mfuko ukikaa nje ya baridi, mboga inaweza kuonekana nzuri ilhali si salama. Ndiyo maana tarehe iliyoandikwa na baridi ya friji zina uzito kuliko rangi ya majani.

Mfano wa nyama utakusaidia kuelewa. Nyama nyekundu iliyofungashwa katika trei za supamaketi katika nchi nyingi hutiwa oksijeni nyingi, asilimia 70 hadi 80, ili rangi yake ibaki nyekundu ya kuvutia. Rangi hiyo hutokana na gesi. Haikuambii nyama imechinjwa lini.

Kiini cha kuogopwa zaidi katika mahali pasipo na oksijeni ni kile kinachosababisha botulizimu. Mbegu zake hukaa udongoni na hustahimili hata maji yanayochemka. Zikipata mahali penye unyevu, vuguvugu na pasipo oksijeni wala uchachu, huota na kutoa sumu ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mwaka 1987, huko Florida nchini Marekani, watu waliugua botulizimu baada ya kula saladi ya kebichi, na uchunguzi ukaielekeza lawama kwa kebichi iliyokatwakatwa na kufungashwa katika hewa iliyobadilishwa.

Usidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 1980 jarida la madaktari la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mkasa uliotokea hapa Kenya, ambapo watu walipatwa na botulizimu na vifo vikatokea. Walikuwa wamekula kumbikumbi. Wadudu hao ni chakula kizuri, na watu wetu wamewala tangu zama za mababu. Lakini hawa walikuwa wamefungiwa katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Wangalikaushwa au kukaangwa mapema na kubebwa katika kikapu, huenda mkasa huo haungalitokea.

Kiini kingine ni listeria, ambacho kina tabia ya ajabu: kinaweza kukua hata ndani ya friji. Afrika Kusini ilishuhudia mlipuko mkubwa kati ya 2017 na 2018. Watu 1,060 waliugua na zaidi ya 200 wakafariki. Chanzo kilikuwa nyama ya kusindikwa iitwayo poloni, si mboga. Lakini listeria hukaa pia kwenye mboga zenye udongo. Mama mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mtu mwenye upungufu wa kinga wanastahili kuepuka saladi zilizokatwa na kukaa siku nyingi.

Na mahindi je?

Wengi wenu mna jamaa mashambani wanaowaletea gunia la mahindi. Siku hizi kuna mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Ndani yake nafaka na wadudu humaliza oksijeni, na dumuzi na fukusi hufa bila dawa yoyote. Ni jamaa wa karibu wa teknolojia tuliyoieleza, na ni uvumbuzi mzuri. Lakini una sharti moja: mahindi yawe yamekauka vyema, unyevu usizidi asilimia 13.5. Mfuko haukaushi mahindi yenye maji, wala hauwezi kuondoa sumu ya kuvu iliyokwisha kuingia.

Sumu hiyo, aflatoksini, si hadithi kwa watu wa Thika. Kati ya Januari na Julai 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, lakini Machakos na iliyokuwa Wilaya ya Thika pia ziliguswa. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu ndiyo yaliyoleta msiba. Kuchemsha githeri kwa saa tatu hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu yasiliwe, wala yasipewe kuku au ng'ombe wa maziwa.

Ufanye nini nyumbani?

1. Nunua mboga nzima kila unapoweza. Ukitaka kukatiwa, mwombe mama mboga aioshe kwanza na akukatie ukiwa hapo, kisha uipike jioni hiyo hiyo.

2. Ukifika nyumbani, fungua mfuko uliofungwa fundo. Ondoa majani yaliyolowa, tandaza mboga, au izungushie kitambaa safi kikavu.

3. Mboga ya supamaketi iliyofungashwa usiitoboe mpaka siku ya kuitumia, maana ukiitoboa hewa yake imekwisha. Irudishe kwenye friji upesi. Isizurure nawe katika matatu saa tatu. Ikishafunguliwa, ihesabu kama mboga ya kawaida na uimalize katika siku moja au mbili.

4. Usinunue mfuko uliofura kama puto, uliopasuka, uliojaa maji ndani, au uliopangwa nje ya kabati la baridi. Soma tarehe.

5. Friji iwe chini ya nyuzi 5. Stima ikipotea, usiifungue ovyo. Ikibaki imefungwa huhifadhi baridi kwa takriban saa nne. Usio na friji, weka mboga nzima kwenye kivuli, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi. Maji yakivukizwa hupunguza joto.

6. Kitunguu saumu kilichosagwa na kutiwa mafuta kisikae juu ya meza kwa siku nyingi. Mafuta huzuia oksijeni, na hapo botulizimu hupata makao. Saga kidogo, weka kwenye friji, tumia katika siku chache.

7. Matunda usiyafungie ndani ya plastiki yakiwa na joto la jua. Yaache yapoe kwanza.

8. Osha mboga kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukata, si baada. Osha mikono, kisu na ubao.

Uende hospitali lini?

Mtu akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, mara moja. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kama atakavyoelekezwa kliniki. Usingoje kesho ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, macho kudidimia, au mtoto kushindwa kunyonya. Kuhara majimaji mengi mfululizo kunaweza kuwa kipindupindu, na kila saa ina thamani.

Mjamzito mwenye homa na maumivu ya mwili asidhani ni malaria tu. Amweleze daktari alichokula.

Botulizimu ina dalili zake. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope humlegea, kinywa hukauka, humeza kwa shida na sauti hubadilika. Kisha udhaifu hushuka mikononi na miguuni, aghalabu bila homa. Akili yake huwa timamu. Mtu kama huyo asilazwe nyumbani wala asipewe pombe au dawa za kienyeji. Apelekwe hospitali kubwa papo hapo, kwani misuli ya kupumua inaweza kusimama. Chukueni na mabaki ya chakula alichokula yakiwa katika chombo kilichofungwa, ila msiyaonje.

Plastiki ya kisasa imewapa wakulima wetu masoko ya mbali, na kuwapunguzia walaji hasara ya mboga zinazotupwa. Lakini inafanya kazi ikiwa imepimwa, na ikiwa ina baridi. Leo jioni kabla ya kuingia jikoni, angalia mfuko ulioubeba. Ukikuta umefungwa fundo, ufungue.